Mzee Anthony na Leseni ya Sixten

Mwezi wa Oktoba 2009 niliona tangazo limebandikwa nje ya duka la vyakula pale Vällingby, pembeni ya Stockholm: mashine ya kukereza vyuma inauzwa, mnunuzi aje na watu wa kubeba. Bei haikuandikwa. Tangazo lisilo na bei ni moja kati ya mawili: mwenye mali hajui alichonacho, au anajua sana. Nilipiga simu nikiomba awe yule asiyejua.

Alijua sana. Aliitwa Anthony Thirtle, Mwingereza wa miaka themanini na minne, mfupi, mikono mipana, goti la kushoto limekaza halikunjiki. Gereji yake ilikuwa chini ya jengo alilokaa, na ilikuwa safi kuliko jiko langu. Mashine ilipakwa grisi kila mahali kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wakati ule mimi nilikuwa nanunua mopedi mbovu na injini za boti, natengeneza kwenye ghala dogo nililokodi Alby, nauza. Kila spea iliyokosekana dukani nilimpelekea fundi mwingine anichongee, naye alinikamua atakavyo. Mashine ile ingenitoa mikononi mwake. Sikuliruhusu hilo lifike usoni. Niligonga chuma hapa na pale, nikatikisa kichwa, nikasema imezeeka.

"Hata mimi nimezeeka," akasema. "Lakini siuzwi kwa kilo."

Tuliongea Kiswidi, chake cha miaka hamsini na minane na changu cha miaka kumi na miwili, na makosa yetu yalikuwa karibu sawa. Mimi nilimwita Mzee, neno lenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi kinakulazimisha kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu kana kwamba mlitahiriwa pamoja. Aliuliza maana yake. Nilipomweleza akasema ni cheo cha kwanza alichowahi kupewa katika nchi hii bila kujaza fomu.

Nilirudi Jumamosi tatu. Kila mara nilitaja bei, kila mara alimimina chai na kuzungumza mengine. Mke wangu Ghislaine alianza kunicheka. "Unatoka hapa kwenda kununua chuma," alisema, "unarudi umejaa chai. Huyo Mwingereza ndiye anayekununua wewe." Alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani. Jumamosi ya tatu mzee alitaja bei yake, na haikuwa hela. Lakini kabla ya kuitaja alinisimulia mbio, na bila habari ya mbio bei yenyewe haieleweki.

Alizaliwa mji wa bandari mashariki ya Uingereza, baba yake fundi wa injini za boti za uvuvi. Vitani alikuwa tarishi wa jeshi kwenye pikipiki. Vita vilipokwisha, watu kule walikuwa hawana nyama wala sukari isipokuwa kwa kuponi, lakini kila wiki maelfu walijazana viwanjani kutazama pikipiki. Mchezo unaitwa spidiwei. Wapanda wanne, uwanja wa mviringo wa vumbi la mkaa, mizunguko minne, dakika moja na kitu imekwisha. Pikipiki ina gia moja na haina breki. Kona zote ni za kushoto: tairi la nyuma linateleza kwenda nje, na mguu wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma, unaburuzwa ardhini. Nilimwuliza mtu anasimamaje bila breki. Akasema walio wengi walisimama kwenye ukuta.

Kila timu huingiza watu wawili katika mbio moja. Wa kwanza anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hana kitu. Basi neema kubwa ni wawili wa timu moja kutoka mbele pamoja, na hapo ndipo kazi ya Anthony ilipokuwa. Nahodha akitangulia, yeye alikaa nyuma yake kidogo, upande wa nje, anachungulia begani na kuwazibia njia wale wengine. Nahodha akipunguza mwendo, na yeye anapunguza. Uwezo wa kumpita alikuwa nao. Alinionyesha kwa vikombe vya chai mezani: hapa ningempita, na hapa, na hapa. Hakumpita miaka mitatu. Desturi ya mchezo ilikuwa kwamba ukimaliza wa pili nyuma ya mwenzako unalipwa sawasawa na mshindi, usije ukashawishika. Nikasema hiyo ni biashara safi.

"Hela zililingana," akasema. "Magazeti hayakulingana."

Mwaka 1951 kodi ya serikali kwenye tiketi ilizidi, watazamaji wakapungua, mwenye timu akafunga uwanja. Uwanja aliuza. Wapanda pikipiki hakuwaachia. Majina yao yalibaki kwenye orodha yake, na timu nyingine haikuweza kumchukua Anthony bila kumlipa yule mwenye orodha, ambaye alitaka bei isiyolipika. Nilimwambia nawajua watu wa namna hiyo, mali imemdodea mtu na bado anapandisha bei. Akanitazama vibaya. Mali aliyokuwa akiisema ilikuwa ni yeye.

Alipanda meli akaja Sweden, injini ya mbio imefungwa ndani ya blanketi. Alipata kazi kiwandani hapa Stockholm, na jioni akaenda kwa klabu moja ndogo ya kusini mwa jiji iitwayo Kråkorna, yaani Kunguru. Nilicheka. Nani kwetu ataipa timu yake jina la kunguru? Klabu ilimtaka. Chama cha mbio kilitaka barua kutoka Uingereza inayomwachilia, na barua ile haikuja. Alikaa mwaka mzima akisafisha pikipiki za wenzake.

Ndipo Mei 1952 mmoja wa wapanda saba wa klabu, Sixten Åhlström, alipokwenda mashambani kumsaidia shangazi yake kukusanya nyasi za ng'ombe, akaanguka kutoka juu ya ghala na kuvunja paja. Hata pikipiki haikuwahi kumvunja. Klabu ikabaki na leseni isiyo na mtu, na mtu asiye na leseni. Leseni za siku zile hazikuwa na picha. Mwenyekiti alijumlisha moja na moja. Msimu wote uliobaki, Anthony alipanda kwa jina la Sixten: helmeti, miwani ya vumbi, kitambaa mdomoni dhidi ya ule mkaa. Mbio zikiisha aliingia moja kwa moja nyuma ya banda. Gazeti liliandika kwamba Åhlström amekuwa mtu wa haya, hasemi na waandishi. Angesema nini, na Kiswidi hakijui? Sixten mwenyewe alibaki kwa shangazi yake hadi Septemba, asije akaonekana mjini na magongo.

Na huku hakukuwa na nahodha wa kumlinda. Wenzake walimwachia njia. Alishinda mbio thelathini na nne kwa msimu mmoja, na Kunguru wakachukua kombe la daraja lao, la kwanza na la mwisho hadi leo.

Mwaka uliofuata Sixten alipona akaichukua leseni yake. Alimaliza wa tatu, wa nne, wa tatu. Gazeti likasema ndoa imemlegeza. Anthony akavunja goti mazoezini, na barua ya kutoka Uingereza ilipofika mwaka 1954, goti lilikuwa limeshakataa. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na sita. Alioa Mswidi, akamzika mwaka 1999. Watoto hawakupata.

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Mwanzoni, alisema, wangefungiwa wote wawili. Baadaye Sixten alikuwa hai, na ni rafiki. Watu walipompongeza Sixten kwa mambo ya 1952 aliona aibu mpaka akawanunulia bia ili wabadilishe mazungumzo. Alikufa 1991. Kisha alibaki mjane wake, aliyekuwa akimkaribisha Anthony chakula kila Krismasi. Mjane naye alikufa 2006. Sasa Agosti 2010 klabu ingetimiza miaka sitini, na kwenye jengo jipya ingetundika ubao wa shaba wenye majina saba ya mabingwa wa 1952.

"Jina langu likipigwa kwenye ule ubao, njoo na watu wako ubebe mashine," akasema. "Bure. Jina lisipokuwepo, hakuna mashine."

Tulipeana mikono. Nilitoka pale nikiona nimeokota. Kwetu Alby nusu ya kanisa wamezaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu ofisa wa uhamiaji alikosa tarehe akaandika hiyo. Dada mmoja wa kwaya yetu, Paskalia, alipigana miaka sita mpaka akarudishiwa mwaka wake halisi wa kuzaliwa. Alishinda kwa karatasi: cheti cha ubatizo, barua ya paroko, ripoti ya shule, kila alichokuwa nacho alikirundika mezani mpaka ofisa akachoka. Kwa hiyo kurekebisha jina nilidhani nakujua. Tafuta karatasi, peleka karatasi.

Karatasi zilikuwa kwa binti wa Sixten, Gunvor, mama wa miaka hamsini na kitu, anakaa Hägersten. Hapa lazima niseme jambo lisilonipendeza. Nilimpelekea boksi la semlor, ile mikate ya krimu wanayokula kabla ya Pasaka, nikamwambia nakusanya kumbukumbu kwa ajili ya sherehe ya klabu. Sikudanganya neno hata moja, na hakuna kweli hata moja niliyomwambia. Alifurahi. Alishusha boksi la baba yake kutoka kabatini: medali, picha, vipande vya magazeti alivyovibandika mama yake. Kati yake kulikuwa na kadi ya hospitali moja ya mashambani. Sixten Åhlström, mfupa wa paja, ameingia 18 Mei 1952, ametoka 9 Julai. Na kipande cha gazeti cha tarehe 12 Juni mwaka ule ule: Åhlström ashinda mbio zote nne. Miaka hamsini na minane karatasi zile mbili zimelala boksi moja, na hakuna aliyewahi kuzisogeza karibu. Niliomba kuazima vitu sita, ili hiyo kadi isionekane. Alinifungia kwa karatasi nzuri.

Tulikwenda klabuni mwezi Machi, mimi na Mzee. Mwenyekiti alikuwa Torsten, mstaafu wa kampuni ya bima, mtoto wa yule mwenyekiti wa 1952. Alitupa kahawa, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza Mzee, kisha akauliza maswali mawili matatu, polepole. Nilimtazama macho. Mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza haulizi swali kwa uangalifu kiasi kile. Nina hakika baba yake alimwambia.

Akasema ni hadithi nzuri sana, na kwamba chini ya ubao pana nafasi. Wangeweza kuongeza mstari mdogo: pamoja na A. Thirtle, msaidizi.

"Sikusaidia," Mzee akasema. "Nilishinda."

"Basi tunaweza kuandika mgeni kutoka Uingereza," akasema Torsten.

Hapo, msomaji, mtu yeyote aliyewahi kuuza hata fungu la nyanya angejua la kufanya. Muuzaji ameshuka mwenyewe mara mbili, hujatoa kitu. Unakunywa kahawa. Unatazama dirishani. Kutoka "msaidizi" tumefika "mgeni", na kutoka "mgeni" tungefika "mpanda pikipiki" kabla kahawa haijapoa. Mstari mdogo chini ya majina saba, jina lake kamili, hakuna aliyenyang'anywa. Lakini nilikuwa nimebeba kadi ile wiki tatu na ilikuwa inaniwasha. Sisi tuliopita ofisi ya uhamiaji tumefundishwa vibaya: kama unayo karatasi, itoe, la sivyo watasema huna. Nikaiweka mezani. Nikaweka na gazeti kando yake.

Torsten alivaa miwani, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Kisha akauliza kama anaweza kupiga nakala. Alikuwa mpole sana. Mzee alitoka pale akitabasamu, akanipiga bega garini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujiona kama mtu aliyelipa kisha akamwona muuzaji anacheka.

Barua ilikuja baada ya majuma matatu. Nimeisoma mara nyingi na sijapata pa kuishika. Kwa kuwa kamati sasa inao ushahidi wa maandishi, haiwezi kuandika jina la Åhlström kwa msimu ambao inajua hakupanda. Na kwa kuwa mechi zilizochezwa na mtu asiye na leseni ni mechi zilizopotezwa kwa mujibu wa kanuni, haiwezi pia kuandika jina la Thirtle bila kulirudisha kombe. Kwa hiyo ubao utakuwa na majina sita.

Nilikwenda kwa Torsten peke yangu, nikiwa na hasira. Nilimwambia nitaipeleka habari hii magazetini. Hakubadilika sauti.

"Peleka," akasema. "Wataandika kwamba rafiki yako alidanganya msimu mzima. Na watakuwa wamesema kweli."

Nimewabana watu wa kila namna katika biashara hii, wenye magereji, mawakili wa mirathi, polisi wa minada ya baiskeli, na huyu mzee wa bima na biskuti zake alinishinda kwa sentensi mbili. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa silaha, tena nikamfungulia na boksi.

Kisha Gunvor akapiga simu. Walikuwa wamempelekea nakala ya barua kwa heshima ya familia. Hakupiga kelele. Mswidi akikasirika kweli hupunguza sauti, na yake ilikuwa chini hata nikalazimika kuziba sikio la pili.

"Ulikula mkate mezani kwangu," akasema. "Baba yangu hakuwa na kitu kingine."

Nilianza kumweleza kwamba pointi zile hazikuwa za baba yake, kwamba kadi yenyewe ilitoka kwenye boksi lake. Alikuwa ameshakata simu. Ghislaine, aliyekuwa akipika, alifunika sufuria akatoka jikoni, na hapo nikajua hukumu imeshatoka.

Nilimpelekea Mzee habari yote. Nilidhani atakasirika nami, na nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Alikaa kwenye kigoda cha gereji akisugua goti. Aliuliza kama Gunvor alilia. Nilisema sijui, alikata.

"Mrudishie," akasema.

Nilimwuliza nirudishe nini. Kadi nilikuwa nimeshairudisha.

"Jina. Ubaoni. Mrudishie baba yake."

Nilibishana naye, na sioni haya kusema nilibishana kwa ajili yangu pia. Nilimwambia yule mtu alikula sifa zake miaka karibu arobaini. Nilimwambia marehemu hasomi ubao. Nilimwambia tusubiri, Torsten ana miaka sabini na moyo mbovu, mwenyekiti mwingine atakuja. Akasema na yeye ana miaka themanini na minne, goti bovu, na hasubiri mtu.

"Sikiliza, Fidèle. Nilikuwa sina jina la kutumia, akanipa lake. Hakuuliza nitalirudisha likiwa hali gani. Nilimngoja afe, nikamngoja mkewe afe, nikajiona muungwana. Mtoto sikumhesabu. Nilidhani binti hajali pikipiki."

Kwa hiyo nilirudi kwa Torsten mara ya tatu, na katika maisha yangu yote sijawahi kuingia mahali na kitu cha kuuza kibaya kama kile. Mara ya kwanza nilikwenda kununua jina. Sasa nilikwenda kuomba liandikwe la mtu mwingine mahali pake. Na hata hilo lilikuwa na bei. Torsten alisema kamati haiwezi kusahau karatasi iliyokwisha kuiona. Inahitaji karatasi nyingine iliyo juu yake: Anthony Thirtle aandike kwamba kwa sababu ya umri alichanganya kumbukumbu, kwamba hakuwahi kuipandia klabu, na kwamba Sixten Åhlström ndiye aliyepanda msimu wote wa 1952. Kadi ya hospitali watasema ina kosa la mwaka. Nilijaribu kulegeza maneno. Nilipendekeza "hana uhakika" badala ya "alichanganya". Nilipendekeza wafute "kwa sababu ya umri". Torsten aliandika kila pendekezo kwenye daftari, akalisoma kwa sauti, akalifuta.

Tulikwenda kutia sahihi Jumatano moja ya mwezi Mei. Njiani nilimwambia Mzee najua makubaliano yetu yamekufa, lakini mashine ipo, tunaweza kuongea bei kama watu wazima. Akasema amemuuzia mtu wa Södertälje, juzi. Nilimwuliza kiasi gani. Alipotaja, nikaona ni chini ya bei niliyomtajia mimi Jumamosi ya kwanza. Nikauliza kwa nini, jamani, kwa nini. Akasema tulikubaliana: hakuna jina, hakuna mashine, na yeye hubaki kwenye neno lake.

Sherehe ya Agosti sikwenda, na yeye hakwenda. Nilisikia Gunvor alizungushwa uwanja ndani ya gari la wazi badala ya baba yake, na watu wakampungia mikono. Mzee alikufa Februari 2012. Kanisani tulikuwa tisa, wawili wao jirani wa jengo. Ubao nimeuona mara moja, nilipokwenda upande ule kununua injini ya boti: majina saba, Åhlström la tatu kutoka juu, shaba nzuri, herufi zimekatwa na mtu anayejua kazi.

Lakini nirudi kwenye Jumatano ile, maana ndiyo ninayotaka ijulikane. Torsten alikuwa ameichapa karatasi tayari. Kahawa hakutoa. Mzee aliisoma yote, taratibu, kidole chini ya kila mstari, kama anakagua injini ya mtu. Kwenye maneno "kwa sababu ya umri" kidole kilisimama, kisha kikaendelea. Akaomba kalamu. Alitia sahihi, na chini yake, pale ambapo fomu za nchi hii hutaka jina liandikwe tena kwa herufi za kusomeka, akaliandika: ANTHONY THIRTLE, kubwa, likatoka nje ya mstari. Torsten alitazama lile jina kitambo.

"Asante, Anthony," akasema. "Najua hili si dogo."

"Hujui," Mzee akasema. Akaomba koti lake.

Kisha Torsten aliigeuzia karatasi upande wangu. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili ya mashahidi. Mmoja alikuwa ameutia sahihi yeye. Alinionyesha wa pili, akanipa kalamu, akasema ni utaratibu tu.

Nilipapasa mfuko wa shati, nikapapasa na wa koti. Nikamwambia samahani, miwani yangu nimeisahau nyumbani, na mimi siweki sahihi kwenye kitu nisichoweza kukisoma.

Sivai miwani. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni, na alilijua hilo. Alishika kitasa akaningoja.